Jicho la Kushoto la Mama

Kadi zilikuwa mbili. Niliifungua bahasha palepale barazani, nikaitikisa mara ya pili, hakikutoka kitu kingine. Moja ilikuwa na picha yangu, ya pili ina picha ya mke wangu. Ya mama haikuwemo.

Ilikuwa mapema mwaka 2018. Mwezi wa Disemba uliotangulia nilikuwa nimestaafu ualimu nilioanza Tanga mwaka 1980, nikafungasha vitabu na vyombo, nikarudi kwetu Mangapwani, kwenye nyumba niliyoijenga chumba kimoja kimoja kila nikija likizo. Bahasha ile aliniletea mwenzangu mmoja aliyekuja Unguja kwa shughuli zake. Mama alikuwa amekaa mkekani anasuka ukili, vidole vinajiendea vyenyewe kwa mazoea, maana jicho lake la kushoto lilikuwa limeshafunga ukungu na la kulia ndilo lililobaki na kazi ya yote mawili. Akaniuliza, "Zimekuja?" Nikamjibu zimekuja. Sikumwambia ni ngapi.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuulizwa habari za bima. Hapa kijijini, msikitini, hata kwenye gari tukielekea mjini, mtu aliyekaribia kustaafu akisikia kwamba nilifanya kazi Bara na nina kadi, husogea karibu. Wengi huanza na swali moja: "Mwalimu, bima ipi nzuri?" Mimi kwanza huwasimulia habari ya jicho la mama, kwani bila ya hiyo jibu langu halina maana.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na makato yakaanza Julai 2001. Sisi watumishi wa serikali ndio tuliotangulia. Asilimia tatu ya mshahara ikikatwa kwako, tatu nyingine ikilipwa na mwajiri. Nakumbuka chumba cha walimu siku tulipopokea hati za mshahara zenye makato yale. Kelele zilikuwa kubwa, na mimi nilikuwamo. Nilikuwa na miaka 44, sijawahi kulazwa hata usiku mmoja, na asilimia tatu ya mshahara wa mwalimu ilikuwa sukari na sabuni za nyumba nzima. Haikupita miaka miwili mtoto wetu wa mwisho akaanza kubanwa na pumu. Usiku mmoja tulimkimbiza hospitali hana pumzi, akalazwa siku tano, na nilipokwenda dirishani kuuliza deni nikaambiwa nitie saini tu. Tangu hapo sikuyasemea tena makato.

Kadi ya mtumishi ilikuwa inabeba watu sita: mwanachama, mwenza wake, na wategemezi wanne, wawe watoto, wazazi wako au wakwe zako. Nilipokuwa na watoto wadogo nafasi zilijaa upesi. Mkubwa alipovuka umri, mwaka 2014, nikamwandikisha mama. Mama yangu alizaliwa katikati ya miaka ya 1930. Tarehe haijulikani, ila mwenyewe alisema alizaliwa mwaka wa njaa, na kila mtu wa rika lake anasema hivyo hivyo.

Hakuielewa kadi ile. Nilimpa aishike, akaigeuza, akaniuliza, "Kadi ya nini kwa mgonjwa?" Swali lake lilikuwa la mtu wa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilitangaza matibabu bure, na mama alizaa, akauguza, akazika, katika nchi ambayo hospitali huingii na mfuko wa pesa. Hospitali ya Mnazi Mmoja yeye aliiita Lenin mpaka mwisho wa uhai wake, kwa lile jina la V. I. Lenin la zama zile. Kwa watu wa umri wake kumlipia mtu maradhi kabla hajaumwa kulikuwa kama kumchulia. Nataja hili kwa sababu naamini limetuathiri hata sisi watoto wao. Wazanzibari wengi wa umri wangu hatukulelewa kufikiri kwamba ugonjwa una ankara. Tulifikiria pensheni, tukafikiria nyumba na Hija. Matibabu tuliyahesabu kuwa yapo tu, kama maji ya pangoni kwetu Mangapwani ambayo mababu waliyakuta yanangoja kuchotwa.

Mwaka 2015 nilimpeleka Tanga. Tulipanda boti mpaka Dar es Salaam, tukalala kwa jamaa, asubuhi tukapanda basi. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Pale hospitali ya Bombo walimpasua la kulia, na siku ya pili walipofungua bandeji alininyooshea kidole akasema, "Umezeeka, baba." Alikuwa hajaniona sura sawasawa kwa miaka mitatu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akiniuliza, "Umelipa ngapi? Huku si wanatoza?" Nikamwambia kadi imelipa. Hapo ndipo alipoiomba, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Daktari alisema la kushoto lifuate baada ya miezi michache. Nikasema tutakuja likizo ya Disemba. Disemba ile nilikuwa nasahihisha mitihani. Mwaka 2016 tulioza binti. Mwaka 2017 nilikuwa mtu wa mafaili, nakimbizana na barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini na barua za kupandishwa vyeo, kwa sababu anayekaribia kustaafu bila ya karatasi hizo atakuja kuzunguka ofisi akiwa na mkongojo. Nilijiambia nikishastaafu nitakuwa na nafasi, nitampeleka kwa utulivu. Kosa langu lote limo katika sentensi hiyo.

Tulifanyiwa semina ya wastaafu watarajiwa. Sitataja nani aliiandaa. Siku mbili tulizungumzia mafao, namna kiinua mgongo kinavyokokotolewa, ufugaji wa kuku, na jinsi ya kujiepusha na matapeli. Habari ya bima ilisemwa dakika za mwisho, watu wanakunja karatasi: "Bima yenu inaendelea." Niliandika katika daftari langu, na daftari ninalo hadi leo: Bima inaendelea. Nikaweka nukta.

Maneno yale yalikuwa ya kweli. Mstaafu aliyechangia muda unaotakiwa huendelea kutibiwa bila ya kukatwa tena, yeye na mwenza wake, mpaka mwisho wa maisha yao. Ni neema kubwa, na sitaki msomaji adhani naidharau. Mke wangu ana presha na sukari, dawa zake ni za kila siku, na bila ya kadi ile pensheni yangu ingekwisha katikati ya mwezi. Lakini haki hiyo ni ya watu wawili, mstaafu na mwenza. Wategemezi wale wanne wanabaki upande wa kazi. Mimi sikuuliza inaendelea kwa nani. Mwalimu wa hisabati, miaka 37 nawaambia watoto wasome swali mpaka mwisho.

Nimeifikiria sana sababu ya kanuni hiyo, na naielewa. Mstaafu halipi tena, na matibabu yake yanabebwa na vijana walioko kazini. Mfuko hauna budi kuchora mstari mahali fulani. Ninachosema ni kwamba mstari umechorwa kwa kufikiria nyumba ya watu wawili waliokwisha lea. Nyumba zetu si hivyo. Mtu wa miaka 60 Unguja mara nyingi bado ana mama wa miaka 80, na mama huyo ndiye mgonjwa mkubwa kuliko wote ndani ya nyumba. Siku mwanawe anapostaafu ndiyo siku anayoondolewa kwenye kadi. Wanaotunga kanuni hizi wakiweza kumruhusu mstaafu amlipie mzazi wake mchango kidogo kwenye pensheni, wapo wengi watakaokatwa kwa furaha. Mimi ningekuwa wa kwanza kutia saini.

Jambo la pili nililojifunza lilinijia kwa njia ya bahari. Afya si jambo la Muungano. Bara ina wizara yake na sheria zake, Zanzibar ina zake. Hata Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 inaishia upande wa pili wa maji. Nilikuwa nalijua hilo kama mtu anavyojua somo la uraia. Nikiwa Tanga kadi yangu ilifungua karibu kila mlango, na sikupata kujiuliza itafungua milango mingapi Mangapwani. Huku kadi inafanya kazi mahali palipoingia mkataba na Mfuko, na sehemu hizo ziko zaidi mjini. Zahanati iliyo karibu nasi hawakututoza kitu, Mungu awalipe, lakini dawa ya mke wangu siku hiyo hawakuwa nayo, na duka la dawa halijui kadi, linajua noti. Ilitubidi tujifunze kupanga: siku moja ya mwezi tunaondoka alfajiri na gari la shamba, Chuini, Bububu, mpaka mjini, tunachukua dawa za mwezi mzima, tunarudi adhuhuri imeshapita. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi nimeiingiza katika hesabu ya bima, na kila mstaafu anayerudi shamba aiingize. Kadi isiyotozwa dirishani inaweza kutozwa barabarani.

Na jicho la mama?

Nilipoona kadi ni mbili niliamua nilipe mwenyewe. Kiinua mgongo kilikuwa kimeshaingia kwenye mabati na kisima. Pensheni Jamii aliyokuwa akipata mama, ile ya wazee wa miaka 70 na zaidi iliyoanza Aprili 2016, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Yeye alikuwa akiigawa kwa wajukuu kabla jua halijachwa. Tuliuza ng'ombe mmoja, ndugu zangu wakachanga, tukampeleka katika hospitali moja mjini mwishoni mwa 2018. Daktari alimulika jicho muda mrefu, kisha akanitoa nje, na mama akaagizwa anywe maji. Akanieleza kwamba mtoto wa jicho akiachwa mpaka akaiva kupita kiasi anaweza kuleta presha ndani ya jicho, na mshipa wa jicho ukishaharibika haurudi. Kupasua kungempunguzia maumivu. Kuona, hapana. Aliniuliza lile la kulia lilifanywa lini. Nikamwambia 2015. Akaniuliza kwa nini hawakumalizia la pili. Nilitazama viatu vyangu.

Mama alifariki mwaka 2021. Msahafu aliusoma mpaka wiki yake ya mwisho kwa jicho la kulia, ameuinamisha upande.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo, na ndiyo maana maswali yameongezeka. Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria, Namba 1 ya mwaka 2023, iliyounda Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, na watumishi wa serikali wakaanza kuingizwa Julai mwaka huo. Hospitali mpya za wilaya zimejengwa, na sisi wa Kaskazini B tuna yetu Pangatupu, karibu zaidi kuliko Mnazi Mmoja. Pensheni Jamii imepandishwa mpaka shilingi 50,000. Na tangu Oktoba 2024 hata mgeni anayeshuka uwanja wa ndege kuja kuangalia pango letu lazima awe amelipa bima ya dola 44. Nikiyaona magari ya watalii yakipita mbele ya baraza langu hufikiri kwamba kila aliyemo amekatiwa bima kwa siku zake chache za kuwa nasi, na mvuvi anayewapigia honi ya baiskeli hana.

Mwaka jana alinijia jirani yangu, mtu wa kilimo, aliyetumikia Serikali ya Mapinduzi zaidi ya miaka thelathini na alikuwa amebakiwa na miezi tisa. "Mwalimu, nichukue bima ipi?" Nilimkaribisha, tukanywa kahawa, nikamwambia hilo ni swali la mwisho. Nikamwomba kwanza anitajie nani wanalala kwake na nani anawatibu. Alinihesabia: mke, watoto wawili wanaosoma, mama mkwe mwenye sukari, na mjukuu aliyeachiwa. Nikamwambia achukue orodha hiyo aende nayo ofisini, na aulize kuhusu kila jina: huyu leo yumo? Siku ya pili baada ya kustaafu atakuwamo? Akitoka, kuna namna ya kumlipia? Kisha aulize dawa ya sukari anayotumia mkwewe, kwa jina lake, kama imo kwenye orodha ya dawa zinazolipiwa, na aulize vituo vinavyopokea kadi hiyo ni vipi kuanzia Mangapwani kwenda mjini. Rufaa ya kwenda Dar es Salaam nani anaitoa, na nani analipa boti. Na majibu yote ayaandike mbele ya anayemjibu.

Alirudi na karatasi mbili zimejaa. Majibu yale ni yake, kwa utumishi wake na kwa mwaka ule, kwa hiyo siyaandiki hapa. Kanuni hizi zinabadilika, na msomaji atakayetegemea majibu ya jirani yangu anaweza kuumia kama nilivyoumia kwa daftari langu. Ila alifanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Wiki ileile alimpeleka mama mkwe kupimwa macho, figo na miguu, vyote ambavyo kadi ya mtumishi ilikuwa bado inaweza kubeba.

Si sisi peke yetu tunaohangaika na mlango huu. Mwenzangu tuliyesoma naye chuo, aliyestaafu Mombasa, aliniambia kwamba mfuko wao wa bima wa tangu 1966 ulivunjwa, na tarehe 1 Oktoba 2024 wakaingia katika mpango mpya wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambapo aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Ilibidi kila mtu ajiandikishe upya, na wazee waliodhani kadi ya zamani inatosha waligundua ukweli wakiwa dirishani. Mpwa wangu aliyeko Marekani naye amenieleza habari ya Medicare, bima ya serikali kwa wenye miaka 65 na zaidi. Dirisha la kujiandikisha ni miezi saba, mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza umri, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Anayechelewa kujiandikisha katika sehemu ya bima hiyo inayolipia madaktari, bila ya kuwa na bima nyingine ya kazini, huongezewa asilimia kumi kwa kila mwaka mzima aliochelewa, na nyongeza hiyo hailipi mwaka mmoja ikaisha, bali huilipa muda wote atakaokuwa na bima hiyo. Nilipomsikia nilisema wale wana sheria kali. Baadaye nikaona angalau wao wameiandika adhabu ya kuchelewa katika karatasi, mtu aisome. Yetu hatukuiandika popote, lakini ipo, na mimi niliilipa kwa jicho la mtu mwingine.

Mke wangu huniambia nisijilaumu, kwamba mama mwenyewe alikuwa akisema "mwakani" kuliko mimi. Ni kweli alisema. Lakini mama hakuwa amehudhuria semina, wala hakuwa na kalamu.

Binti yangu ni mwalimu wa skuli ya serikali hapa Unguja, na tangu 2023 naye anakatwa. Mwezi uliopita alikuja analalamika kuhusu makato, kwa maneno yaleyale niliyoyasikia katika chumba cha walimu Tanga mwaka 2001. Nilimwacha amalize. Kisha nikamletea kadi ya bibi yake, ile ya zamani iliyokwisha muda, ambayo tuliikuta kwenye pindo la kanga tulipokuwa tukipanga nguo zake za kutoa sadaka.

Nina ombi moja kwa anayesoma haya akiwa bado kazini. Kama umebakiwa na mwaka mmoja au miwili, na nyumbani kuna mzee mwenye jicho, goti au ngiri ya kushughulikiwa, na jina lake limo kwenye kadi yako, usingoje likizo. Mpeleke mwezi huu.